Si Kiburi, Si Ruhani: Mwacheni Biharusi Asiyestahamili Kelele



Rajabu imeingia na harusi zimeanza kugongana, kila mtu anataka kuoza kabla ya Ramadhani. Na mie wiki hii nimeshalisikia mara mbili lile neno linalonichoma: "Biharusi yule ana kiburi." Kakaa jukwaani hacheki, hamtazami mtu, shangazi wa mume kaenda kumkumbatia, mwari kajikausha kama mti. Basi, jina keshapewa, na jina hilo litamfuata mpaka kwa mama mkwe.

Leo nasema na wenye kuyatoa majina hayo, na msinuniane.

Biharusi huyo nilikuwa mie, miaka 11 iliyopita. Spika ziliwekwa nyuma ya kiti changu. Udi, manukato ya wageni zaidi ya 300, na nguo ya shanga iliyokuwa ikiniwasha shingoni kama upupu. Nilihesabu taa za darini, nikimaliza naanza upya, ili nisiinuke nikakimbia. Somo wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaninong'oneza, "Vumilia mwanangu, ni usiku mmoja tu." Masikini, hakujua kwamba mie usiku ule ninao tangu utotoni.

Mwenyewe nilikuwa sijui. Nilikuja kujua mwaka juzi, dada yangu alipompeleka mwanawe kwa daktari Dar es Salaam nami nikafuatana nao. Daktari akauliza: anakataa nguo kwa sababu ya kilebo cha ndani? Ukimbadilishia utaratibu wake, siku nzima inaharibika? Kuna jambo moja analolijua kuliko watu wazima? Dada akijibu ya mwanawe, na mie nikijibu ya kwangu moyoni. Nilipokuwa skuli nilijua saa za kuondoka na kufika za kila boti bandarini Malindi. Watu wakicheka, wakidhani nina hamu ya safari. Safari siipendi hata kidogo.

Mtoto alionekana ana usonji. Mie nilirudi na boti ya jioni sina la kusema.

Nilipowaeleza watu wangu, jibu lilikuwa moja: "Usonji ni wa watoto, tena watoto wa kiume. Wewe umesoma, umeolewa, unasema vizuri." Jamani, mtoto mwenye usonji akikua anakuwa nani? Ni maumbile ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo, hayang'oki kama meno ya utoto. Na hilo la wanaume lina historia yake. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore aliandika habari za watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Watu wakashika hapo. Kumbe kabla yake daktari wa kike wa Moscow, Grunya Sukhareva, alishaandika juu ya wavulana mwaka 1925 na juu ya wasichana mwaka 1927. Wasichana walikuwepo tangu mwanzo, aliyewaandika hakusomwa.

Huku kwetu kuna zaidi ya hayo, maana msichana wa namna hii hukua akisifiwa. Hatazami watu machoni, tunasema ana haya. Hachezi na wenziwe, tunasema katulia, hana mambo ya njiani. Na salamu zetu zina mpangilio wake: shikamoo, habari za nyumbani, watoto wazima, baba hajambo. Ukishaukariri unapita nao kutoka Mkunazini mpaka Kiponda, hapana atakayejua kwamba ndani umechoka hoi na ukifika nyumbani utajifungia chumbani gizani. Halafu anaposwa. Mwezi mmoja tu, yale tuliyoyaita haya tunayaita kiburi, na ule utulivu tunauita kununa.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 umelisema hili wazi: dalili huanza utotoni, lakini zinaweza zisidhihirike mpaka mambo ya watu yatakapomzidi mtu nguvu, au zikafichwa na mbinu alizojifunza. Mwongozo huohuo umeingiza katika dalili suala la kelele, harufu na mguso. Mimi niliposoma nikasema, huyu kaandika harusi ya Unguja.

Wapo watakaosema ni ruhani. Dua siipingi, mie mwenyewe naisoma asubuhi na jioni. Ninachopinga ni kumnywesha mtu kombe miezi sita na kumfukiza moshi, naye shida yake mojawapo ni huohuo moshi.

Na nyie wa TikTok nanyi msinishangilie sana. Si kila mpole ana usonji. Wasiwasi, huzuni, au kuishi kwenye nyumba ya ugomvi kunaweza kufanana nao. Jiulize ulikuwaje ukiwa na miaka 5, muulize mama au bibi, kisha mtafute daktari wa akili. Najua tunavyoogopa kuonekana Kidongo Chekundu. Mie pia niliogopa.

Lakini wakati unatafuta jibu, hapana mwenye haki ya kukupa jina. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na haikuishia kwa wanaume, wanawake tumetajwa peke yetu. Tunaisikia darsani, tukitoka tunaingia ukumbini kumchambua mtoto wa watu.

Kwa wewe unayeolewa: mwambie mchumba kabla ya nikaha, kwa maneno mepesi. Sitoi fatwa, nasema yaliyonikuta. Mume wangu alikaa miaka akidhani simpendi kwa sababu nikirudi shughulini sitaki kuguswa. Angejua mapema tungepunguza machozi mengi.

Binti wa shangazi yangu anaolewa Shaabani, naye ni kama mie. Tumeshapanga: spika zitakaa mlangoni, udi utafukizwa ukumbini mapema kabla hajaingia, nguo itatiwa bitana laini, na kila nusu saa nitamtoa akapumue. Wifi yake mtarajiwa keshaanza kuuliza mwari gani huyu mwenye masharti. Nimempelekea salamu aje aniulize mie.