Kitambi cha Mwanamume Si Neema

Kitambi cha mwanamume kimehesabiwa miongoni mwetu kuwa dalili ya neema. Mimi napinga. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kitambi hukaa papo hapo chini ya shati.

Walimu wa bayolojia wanajua kwamba lehemu, yaani kolesteroli, hubebwa katika damu na chembe za protini na mafuta. Zile ziitwazo lehemu njema huizoa lehemu ya ziada mwilini na kuirejesha kwenye ini. Mtu anenepapo tumboni, ini humwaga katika damu mafuta mengi yaitwayo triglisaridi. Mafuta hayo huingia ndani ya chembe njema na kutwaa nafasi ya lehemu. Kisha kimeng'enya cha ini huimeng'enya chembe hiyo, ikawa ndogo, na protini yake ikapotea upesi kupitia figo. Kwa mwanamume, kiasi kilicho chini ya milimoli 1.0 kwa lita ni pungufu.

Wapo watakaouliza: mbona Wamaasai walikula nyama na maziwa wasidhurike? Mwaka 1964 Daktari George Mann wa Marekani na wenzake walichapisha utafiti juu ya Wamaasai wa Tanganyika, waliokutwa na lehemu kidogo katika damu. Lakini uchunguzi wao wa mioyo ya wanaume 50 waliofariki, uliochapishwa mwaka 1972, ulionyesha mafuta yameganda mishipani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na Mann aliona kwamba mwendo wa kila siku ndio uliowakinga.

Sisi wa Kona Baridi tumeirithi nyama, tukaiacha fimbo ya mchungaji. Hata safari ya dakika kumi twangojea matatu. Wala tusitumainie kidonge: dawa ya torsetrapibu ilipandisha lehemu njema, lakini majaribio yake yalisimamishwa mwaka 2006 kwa kuwa waliopewa walifariki zaidi ya wasiopewa. Kupandisha kipimo si kuponya moyo. Lililo jema ni kukiondoa chanzo.

Kwa hiyo nawasihi walimu wasikinyakue kipindi cha michezo wakakipa hesabu. Nanyi wanafunzi, tembeeni na baba zenu. Mwanafunzi anayefaulu somo la damu karatasini huku ameketi mchana kutwa, amejifunza nusu tu.