Safari ya Bara Kabla ya Reli na Baada Yake

Zamani, mtu aliyetaka kutoka Mombasa kwenda ziwani alikwenda kwa miguu, wala hakuthubutu kwenda peke yake. Alifuatana na msafara wa wapagazi, kila mmoja amejitwika mzigo wa ratili 65 hivi, karibu frasila mbili. Safari hiyo ilikuwa ya miezi. Palipoogopwa sana ni nyika ya Taru, ambako maji ni haba na miiba ni mingi.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Makuli zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijaisha. Watu hupenda kusimulia habari za simba wawili wa Tsavo wa mwaka wa 1898, lakini maradhi yaliua wengi kuliko simba. Mwezi wa Mei 1899 vyuma vilifika Nairobi, ambayo wakati ule ilikuwa mahali pa matope na malisho ya Wamasai. Mbele yake palikuwa na ukuta wa Bonde la Ufa, na huko mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma hata njia ya kudumu ikawa tayari. Desemba 1901 reli ikafika Kisumu.

Basi miezi ikawa siku chache, na mpagazi wa masafa marefu akakosa kazi. Lakini si wote walioipokea reli kwa furaha. Wanandi walichukua waya wa simu na vyuma vya njia, wakapigana miaka mingi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka wa 1905. Kisha wakahamishwa kutoka ardhi iliyo karibu na reli. Bei hiyo haikuandikwa katika tiketi ya msafiri yeyote.

Aliyekwenda Uganda bado alishuka Kisumu akapanda meli. Baadaye njia nyingine ilitoka Nakuru, ikapanda Timboroa, zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari, ikapita Eldoret, na mwaka wa 1931 ikaingia Kampala. Tangu hapo abiria wa daraja la tatu aliweza kupanda gari Mombasa na sanduku lake na chakula chake, akavuka Taru amelala.