Manowari ya Bilioni Nne na Maji ya Likoni



Sisi tushindao gatini Kilindini twaziona kila siku manowari za Jeshi la Wanamaji ng'ambo ya Mtongwe. Hatuna ugomvi na mabaharia wale. Nao ni watu wa mshahara kama sisi. Ugomvi wetu ni na wale wakubwa wa Nairobi watiao sahihi, kisha bei ikiulizwa hujibu kwamba ni siri ya ulinzi.

Tazameni habari ya manowari Jasiri. Mkataba wake ulifanywa mwaka 2003 na kampuni iitwayo Euromarine, kwa bei ya shilingi zipatazo bilioni 4.1, na meli ikaundwa Hispania katika kiwanda cha Gondán. Baadaye mkataba huo ukaonekana katika orodha ya ile mikataba 18 ya Anglo Leasing. Watu wakapiga kelele kwamba bei imepandishwa mno, Serikali ikasimamisha malipo, na mabishano ya kisheria yakafuata. Meli ikabaki imefungwa kamba huko huko Hispania. Iliingia Mombasa Agosti 2012. Hiyo ni miaka 9 tangu mkataba!

Mtu wa bandarini hahitaji kuelezwa maana yake. Chombo kilichofungwa kamba hakikai bure. Chumvi hula chuma, mashine zisipozunguka huharibika, na kila siku ina gharama yake.

Na ilikuwa miaka gani hiyo? Ndiyo ile ile ambayo maharamia walitawala bahari ya Somalia. Septemba 2008 waliiteka meli Faina ikija hapa Kilindini na vifaru 33, wakaishika mpaka Februari 2009. (Vifaru hivyo navyo, Serikali ilisema ni vya Kenya, wengine wakasema ni vya Sudan ya Kusini. Hiyo ni habari ya siku nyingine.) Mabaharia wenzetu waliwekwa mateka miezi mingi. Basi atakayetuambia kwamba tukiuliza bei hatuipendi nchi yetu, na atujibu kwanza ulinzi gani ule uliolala Hispania.

Sasa tazameni maji haya haya ambayo manowari hupita. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, imejaa kupita kiasi, watu wakija kazini kisiwani. Walikufa watu 272. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka feri Harambee pale Likoni, mama na mtoto wake wamo ndani. Feri hiyo ilinunuliwa mwaka 1990. Gari halikutolewa mpaka tarehe 11 Oktoba, na wapiga mbizi wa kukodiwa kutoka Afrika ya Kusini waliletwa kusaidia. Hatuwalaumu wapiga mbizi wa kwetu, maana mtu huzama kwa vifaa alivyopewa. Lakini nchi iliyopata bilioni nne za manowari haiwezi kusema ilikosa fedha za vifaa vya kuzamia.

Mkitaka kupima bei hiyo, daraja la kuelea la Liwatoni, lililojengwa mwaka 2020 ili watu wavuke kwa miguu, liligharimu kama shilingi bilioni 1.9. Bei ya Jasiri ingejenga mawili na chenji ikabaki.

Wazee wa Mji wa Kale watawakumbusha manowari nyingine, Santo António de Tanná ya Wareno, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697. Ilikuja kuiokoa Ngome, na mwaka uliofuata Ngome ikaanguka. Hiyo angalau hatukuilipia sisi.

Hatuombi siri za vita. Hatuulizi risasi ngapi zimo ghalani wala manowari zitakwenda wapi kesho. Twauliza nani aliuza, kwa bei gani, na nani alipata bakshishi katikati. Katika chama chetu mweka hazina asiyeweza kuonyesha stakabadhi ya shilingi 500 husimamishwa mbele ya mkutano. Waziri hana heshima kubwa zaidi ya hiyo.

Matawi yote yaandike maswali haya, wayapeleke kwa Wabunge wa Mombasa kabla Bajeti haijasomwa mwezi wa Juni, na majibu yakija yaletwe hapa tuyachapishe. Yasipokuja, tutachapisha majina ya Wabunge walionyamaza.