Msamaria Alilala Pale



Kila mara tunaposoma habari ya Msamaria mwema, tunasifu mafuta na divai aliyoimimina katika majeraha ya yule msafiri. Ni mara chache tunakawia kwenye neno linalofuata katika Injili ya Luka: alimpeleka katika nyumba ya wageni, akamtunza, na ni siku ya pili tu alipotoa dinari mbili na kuendelea na safari. Basi, alikaa naye usiku ule. Dawa ilikwisha tiwa, lakini kazi haikuwa imekwisha.

Tunakumbuka yaliyotokea Ituri, katika nchi yetu hii, kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015. Wagonjwa walifikishwa kwenye vituo vya afya misuli ya uso na shingo imewakaza. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe sababu ilikuwa kidonge. Maandishi ya nje yalisema diazepamu, dawa ya kutuliza. Ndani mlikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ambayo yaweza kukaza misuli namna hiyo hiyo. Walioathirika walizidi elfu moja, wakiwemo watoto, na 11 walifariki. Tena fikirini mtego wenyewe: diazepamu ya kweli hulegeza misuli, hivyo mtu aliyekazwa na kidonge kile angeweza kuongezewa kidonge kile kile ili apone.

Maabara ilithibitisha yaliyokuwa ndani ya vidonge. Lakini maabara haiwezi kupima kidonge ambacho hakuna aliyekileta, wala mganga hawezi kushuku dawa ambayo hakuna aliyemtajia.

Hapa tuseme wazi. Mtu akipinda shingo na kugeuza macho, wako miongoni mwetu wanaomkimbiza kwanza kwenye chumba cha maombi, wakitaja pepo. Hatupingi sala, tunafundisha kusali. Lakini Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamwagiza mgonjwa amwombe Mungu, kisha ampe mganga nafasi yake. Mgonjwa anayekemewa usiku kucha kama mwenye pepo, nani atamwuliza amemeza nini tangu juzi?

Wala tusidhani kwamba hatari iko katika dawa za uongo pekee. Kinini ni dawa ya kweli, imeokoa wengi. Lakini ikipitishwa katika mshipa yaweza kushusha sukari ya damu, hasa kwa watoto na kwa mama wajawazito. Mtoto analegea, analala, na jamaa wanashukuru kwamba amepata usingizi, kumbe anazama. Wengine hufungua seromu itone upesi ili warudi nyumbani mapema, wasijue kwamba kinini ikiingia kwa haraka yaweza kuudhuru moyo. Kuna na kosa la upande wa pili: mgonjwa akisikia masikio yanavuma, ndugu yake anang'oa sindano kwa hofu. Uvumi ule ni wa kawaida kwa kinini. Aitwe mwuguzi, yeye ndiye aamue.

Mtatuambia kwamba kutazama ni kazi ya mwuguzi. Ni kweli, naye amefundishwa kupima sukari, kuhesabu matone na kuandika saa. Lakini usiku mwuguzi mmoja aweza kuwa na vyumba vitatu, na anayekaa kando ya kitanda ni shangazi aliyechoka kwa kulima mchana kutwa. Tunajua pia kwamba baadhi ya wauguzi huchukia kuulizwa. Kwa waamini wenzetu wa kazi hiyo tunasema kwa heshima: anayeuliza jina la dawa hawavunjii heshima, anawasaidia.

Kwa hiyo tunaona kwamba vikundi vyetu vya vijana, vinavyotembelea wagonjwa siku ya Bwana kwa nyimbo na matunda, vingefaa zaidi vikikubali zamu za usiku. Daftari moja yatosha: saa ambapo dawa ilitolewa, jina lake kama lilivyoandikwa kwenye boksi, na lolote lililoonekana baadaye, hata likiwa dogo. Lisilo la kawaida aambiwe mwuguzi saa ile ile, si asubuhi. Naye mwuguzi mkuu alifikishe kwa wakubwa wa eneo la afya. Na pakiti tupu ya vidonge isitupwe mpaka mgonjwa amerudi nyumbani.