Miaka 45 ya Urithi wa Kilwa: Sasa Tumtaje Amiri Ibrahim

Mwaka huu, 2026, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yanatimiza miaka 45 tangu yaingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tunawapa hongera watumishi wa Mambo ya Kale, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) inayoyasimamia leo, na wenyeji wa visiwa hivyo.

Hongera hiyo wameitolea jasho. Mwaka 2004 UNESCO iliyatia magofu haya katika orodha ya urithi ulio hatarini: mawimbi yalikuwa yakiila ngome ya Gereza, mvua na mizizi vikipasua kuta. Mafundi wakaziba nyufa kwa chokaa na mawe ya matumbawe, vifaa vilevile vya wajenzi wa kale; mikoko ikapandwa ufukweni. Mwaka 2014 Kilwa ikaondolewa katika orodha hiyo.

Kuta zimeokolewa. Sasa zamu ni ya watu wake, na wa kwanza awe Amiri Ibrahim, mwanasiasa na mpiganaji aliyeuongoza mji huu Wareno walipoingia. Hakuwa mtakatifu: alishika madaraka baada ya Sultani Fudail kuuawa, na doa hilo halifutiki. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimshurutisha kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ikafuliwa chombo cha ibada kilichokamilika 1506, nacho kipo makumbusho ya Lisbon hadi leo. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alipotia nanga, Ibrahim alikataa kwenda kumlaki. Tarehe 24 Julai askari wakashuka, mji ukaporwa, naye akavukia bara.

Wareno wakajenga ngome, wakamtawaza Muhammad Ankoni, ambaye aliuawa mwaka uliofuata. Mwaka 1512 wakafungasha wakaondoka, na Ibrahim akarudi kuushika mji. Kushindwa vita hakukumfanya auache mji wake moja kwa moja. Hilo ndilo somo tunalotaka vijana walipate.

Basi tunaomba habari zake, jema na baya, zisimuliwe na waongoza wageni pale Gereza, na zifundishwe katika shule za Kilwa na Lindi. Jubilei ya dhahabu ni 2031. Miaka mitano inatosha kumwezesha mtoto wa Kilwa Masoko kueleza, bila kusita, nani aliyemkatalia Almeida na kwa nini.