Meli ya Beirut na Pipa la Nyanya Yangu

Kila nipitapo Malaba na kuuona msururu wa malori yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda, huikumbuka meli ambayo sikuwahi kuiona kwa macho yangu. Iliitwa Rhosus. Ilikuwa meli ndogo ya shehena, chakavu, yenye urefu wa mita 86 hivi. Mnamo Septemba 2013 iling'oa nanga bandarini Batumi, nchini Georgia, ikiwa na tani 2,750 za nitrati ya amonia. Safari yake ilikuwa ya kwenda Beira, Msumbiji, katika Bahari hii hii ya Hindi ambayo sisi huiita yetu. Haikufika. Ilitia nanga Beirut mwezi Novemba ili iongeze mzigo, ikazuiliwa huko, na baadhi ya mabaharia wakakwama ndani yake kwa karibu mwaka mzima wakiwa wameikalia shehena ile. Meli yenyewe ilizama mwaka wa 2018. Shehena, ambayo ilikuwa imekwisha kuhamishiwa ghalani, ililipuka tarehe 4 Agosti 2020, ikaua watu zaidi ya 200 na kujeruhi maelfu.

Katika picha zilizopigwa ghalani kabla ya msiba huo, magunia yameandikwa "Nitroprill HD". Mimi ni mwanaisimu, na kwa hivyo msomaji ataniwia radhi nikishughulishwa na jina kuliko bei ya tani. Jina hilo halimwambii kuli chochote. Laweza kuwa jina la dawa ya kikohozi.

Sasa turudi Malaba. Bandari ya Mombasa ndiyo mlango wa Uganda, na Malaba na Busia ndizo vizingiti vyake. Kila kinachohitajika katika viwanda, mashamba na maabara za upande wa pili hupita hapa kwa barabara, au kwa reli kupitia Malaba: petroli, mbolea, dawa za kuulia wadudu, asidi za betri na za ngozi. Mnamo mwaka wa 2020, madereva walipokuwa wakisubiri kupimwa korona, foleni ilirefuka makumi ya kilomita. Watu walipika chakula kando ya magurudumu ya malori ambayo hawakujua yamebeba nini.

Nilikulia huko. Mwaka wa 1990 au karibu na hapo, nyanya yangu alinunua pipa la plastiki la buluu kutoka kwa utingo mmoja aliyekuwa akiuza mapipa matupu kando ya barabara. Lilikuwa pipa zuri, lenye mfuniko, na sote tulilifurahia kwa kuwa mvua zilikuwa karibu. Ubavuni lilikuwa na karatasi yenye mraba uliosimama kwa ncha yake, na ndani ya mraba huo vichupa viwili vilivyoinamishwa, kimoja kikidondosha matone juu ya mkono. Chini yake palikuwa na neno moja la Kiingereza ambalo hapakuwa na mtu nyumbani aliyelijua. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma shule, basi nikaulizwa. Niliitazama ile picha kwa makini, kisha nikatangaza kwamba pipa hilo ni la maji ya kunawa mikono.

Nyanya alilisuuza mara moja, akaona si vyema kuyamwaga maji yale bure, akafulia sare yangu ya shule. Ilipokauka ilikuwa na matundu kama iliyoliwa na mende. Mikono yake ilibabuka, ikakaa na vidonda kwa majuma kadhaa. Hakunilaumu, nami sijasahau kwamba msomaji wa ile picha nilikuwa mimi.

Mwalimu wetu wa sayansi alilifahamu neno lile la Kiingereza. Alipotakiwa kulieleza kwa lugha ambayo nyanya angeielewa, alisema, "Ni kemikali." Hapo ndipo ilipo ila yetu. Tumeligeuza neno "kemikali" kuwa gunia la kutilia kila kitu: kinachobabua, kinachowaka, kinacholipuka, kinachoua polepole kwa kuvutwa puani. Nalo neno "hatari", ambalo hubandikwa kila mahali, linaonya bila kueleza. Hatari ya nini? Nikimbie, nizime moto, ninawe kwa maji mengi, au nisiguse maji kabisa? Lugha yetu haina uhaba wa maneno hayo. Tunacho kitenzi "kubabua", na wenzetu waandishi wa vitabu vya sayansi wamekwisha kutumia "babuzi". Mpaka wenyewe una kipawa cha kuunda maneno: "boda boda", ambalo sasa lasemwa Afrika Mashariki nzima, lilitokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha abiria hapa hapa.

Nisitie chumvi. Usiku wa Julai 2021, lori la petroli lilipoanguka Malanga, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, watu walikwenda kuchota mafuta kwa mitungi, na 13 wakafa moto ulipolipuka. Hakuna kati yao aliyehitaji mwanaisimu amweleze kwamba petroli huwaka. Umaskini ndio uliowapeleka. Lakini pale Karai, karibu na Naivasha, mnamo Desemba 2016, lori lenye shehena inayoshika moto upesi liliyagonga magari mengine, na watu wapatao 40 wakateketea. Waliokuwa njiani usiku ule wangejuaje kilichokuwa kikishuka mteremko nyuma yao?

Kiswahili ni lugha rasmi Kenya kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha matumizi yake rasmi mnamo Julai 2022. Sioni basi sababu ya shehena hizo kupita Malaba na Busia bila neno la Kiswahili ubavuni. Wala mwalimu asingoje sheria. Alama hizo za mraba ni chache, zachoreka ubaoni kwa chaki katika kipindi kimoja, na kila moja yaweza kupewa jina lake.

Mwaka jana niliichora ile ya vichupa viwili mbele ya wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, bila maandishi yoyote, nikawauliza maana yake. Kijana mmoja, mzaliwa wa Busia, aliinua mkono upesi. "Mwalimu, hiyo ni ya korona," akasema. "Inatuambia tunawe mikono."

Wenzake hawakumcheka. Wengi walikuwa wameandika hivyo hivyo.