Samaki wa Tangini Asiachiwe Kagera

Miongoni mwa samaki wafugwao katika matangi ya kioo majumbani, hapana wanaonivutia kama gobi. Ni wadogo, aghalabu hawafikii urefu wa kidole. Hukaa chini juu ya mawe badala ya kuelea. Mapezi yao ya tumboni yameungana yakawa chombo cha kujigandishia mwambani hata mkondo ukiwa mkali. Na dume ndiye alindaye mayai, akiyapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe. Simlaumu, basi, mtu wa Kaisho atamaniye kuwa nao sebuleni. Ila na akumbuke kwamba yuko kiasi cha kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, ilhali wengi wauzwao, kama yule mdogo wa Asia mwenye miraba ya nyuki, hustawi katika maji yenye chumvi kidogo mfano wa yale ya mikokoni, na chumvi itakiwayo ni ile iliyotengenezewa samaki wa bahari, wala si ya jikoni.

Linalonitia hofu zaidi ni siku mwenye tangi atakapochoka, huruma ikamtuma kuwaachia samaki wake mtoni. Mto wetu ni Kagera, na Kagera humwagika Ziwa Viktoria. Gugumaji, lililotolewa Amerika ya Kusini kwa ajili ya uzuri wa maua yake, liliteremka kwa mto huuhuu hata likatanda ziwani katika miaka ya 1990. Na sangara, aliyepandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, ni miongoni mwa sababu za kutoweka kwa aina nyingi mno za furu. Gobi nao wana habari yao: gobi mviringo wa Bahari Nyeusi na Kaspi alionekana katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini mwaka 1990, kaletwa na maji ya matumboni mwa meli, na leo yumo katika maziwa yote matano, akila mayai ya samaki wenyeji na kuwafukuza makaoni mwao.

Huenda nikajibiwa kwamba gobi wengi hawawezi kuzaana mbali na bahari, kwa kuwa vitoto vyao sharti vipitie maji ya chumvi. Ni kweli kwa baadhi yao. Lakini jamaa yao wa Papua New Guinea, mwenye rangi za tausi, huzaa katika maji baridi matupu, na huyo wa Bahari Nyeusi, ambaye asili yake ni maji ya chumvi kidogo, hakushindwa na maji matamu. Tena hata samaki asiyezaa aweza kuacha maradhi na vimelea.

Kwa hiyo nawasihi maafisa uvuvi wa Kyerwa na Karagwe, wawafunzapo watu ufugaji wa sato, walitaje na hili. Aliyechoka na ampe mfugaji mwingine. Akimkosa, amuue samaki upesi na kumfukia. Maji ya tangi nayo yasimwagwe katika mtaro uelekeao bondeni: yaliyo baridi ni mbolea njema kwa migomba, bali yenye chumvi yatupwe mbali na mizizi yake, juu ya ardhi kavu isiyotiririkia kijito.